Mawimbi hugongana sikioni, si hewani

Chukua laptopu mbili na ruta moja. Laptopu ya kwanza iko chumba cha mbele, ya pili chumba cha nyuma, na ruta imewekwa sebuleni katikati. Kuta ni nene: kila laptopu inaisikia ruta vizuri, ila zenyewe kwa zenyewe hazisikiani hata kidogo. Ya kwanza ina faili ya kutuma. Kabla ya kutuma inafanya kama ilivyoagizwa, inatega sikio kwanza kujua kama kuna mwingine anayeongea kwenye chaneli hiyo. Kimya. Basi inaanza. Kufumba na kufumbua, ya pili nayo inatega sikio, inakuta kimya kilekile, nayo inaanza. Kule sebuleni ruta inapokea maneno ya wote wawili kwa mkupuo na haiambulii hata neno moja.

Hapa hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja alisikiliza kabla ya kusema, na kila mmoja alisikia ukweli: pale alipo, hewa ilikuwa tupu. Tatizo ni kwamba swali liliulizwa mahali pasipo pake. Aliyestahili kuulizwa kama njia iko wazi ni ruta, maana ndiyo iliyokuwa inapokea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walilichambua tatizo hili mwaka 1975, na tangu hapo wahandisi wanaliita la kituo kilichojificha. Nusu karne imepita. Vifaa vimeongezeka kuliko yeyote alivyotarajia wakati ule, na bado ukichimbua karibu kila mgogoro wa masafa ya pamoja, iwe ni Wi-Fi ya jirani au minara ya simu karibu na viwanja vya ndege, chini yake utakuta kisa hichohicho: anayetuma ndiye anayeamua, anayepokea ndiye anayeumia, na kati yao mazungumzo ni haba.

Kelele iko wapi hasa

Lugha ya kila siku inatupotosha kidogo. Tunasema mawimbi "yamegongana hewani", kana kwamba ni magari mawili kwenye njia panda. Mawimbi ya redio hayagongani. Washa tochi mbili gizani, uipishanishe miale yake: kila mwale unapita katikati ya mwenzake na kuendelea na safari bila mkwaruzo. Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, na tabia yao ni hiyohiyo. Hapo ulipo sasa hivi yanapishana mawimbi ya vituo chungu nzima, na hakuna linalomdhuru mwenzake.

Madhara yanatokea kwenye antena ya anayepokea. Antena haichagui, inajumlisha kila kinachoifikia na kutoa mkondo mmoja wa umeme, kisha kipokezi ndicho kinachohangaika kuchambua kipi ni chake. Kinachoamua kama kitafaulu si nguvu ya mawimbi yanayotakiwa peke yake. Ni uwiano: mawimbi hayo yana nguvu mara ngapi ukilinganisha na kelele ya asili pamoja na mawimbi ya watu wengine. Kwa mwendo wa polepole, kuzidi kelele mara chache tu kunatosha. Kwa kasi za juu kabisa za Wi-Fi ya kisasa, inabidi kuizidi kwa zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo maana muingiliano mara nyingi haukati mawasiliano bali unayafanya yaburuze miguu, na mwenye simu anaishia kuilaumu kampuni inayomuuzia intaneti, ambayo safari hii pengine haina hatia.

Uwiano huo ni wa mahali pamoja tu. Sogea hatua mbili, unabadilika. Hakuna namna ambayo kitumaji kilicho mita hamsini kutoka hapo kinaweza kuujua kwa kusikiliza kwa sikio lake.

Na kuna jambo jingine linalomfanya mtumaji awe kiziwi. Ruta inatoa, tuseme, wati 0.1. Mawimbi inayoyapokea kutoka kwa simu iliyo vyumba viwili mbele yanaweza kuwa na nguvu ya wati 0.0000000001. Tofauti hapo ni mara bilioni moja. Kwenye nyaya za Ethernet za zamani kompyuta iliweza kutuma huku ikisikiliza, na ikigundua mwingine ameingilia inanyamaza papo hapo. Kwenye redio ya kawaida hilo haliwezekani kwa chaneli ileile: anayetuma ameshaziba masikio yake kwa sauti yake mwenyewe. Atamaliza sentensi nzima ndipo ajue, akijua, kwamba haikumfikia mtu.

Ukimya kama jibu

Msaada wa kwanza ambao kipokezi kiliutoa ulikuwa mdogo mno: neno "nimepata". Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuendesha mtandao wa ALOHAnet, uliounganisha visiwa na kompyuta kuu kwa redio. Vituo havikusikilizana. Kila kimoja kilituma kilipojisikia. Kompyuta kuu ikipokea ujumbe mzima ilirudisha kijibu kifupi; kijibu kisiporudi, mtumaji alisubiri muda wa kubahatisha, kisha akarudia.

Hesabu inaonyesha kwamba kwa mtindo huo chaneli haiwezi kubeba zaidi ya takriban asilimia 18 ya uwezo wake, kiasi kinachoweza kukufanya ucheke. Lakini lile neno "nimepata" halikufa. Karibu kila unachotuma leo kwa Wi-Fi kwenda kwa kifaa kimoja kinafungwa na kijibu cha aina hiyo, na kisiporudi kifaa kinajua mambo yameharibika.

Shida ni kwamba ukimya hausemi mambo yameharibikaje. Huenda aliyetumiwa yuko mbali na mawimbi yalifika yakiwa hoi. Huenda yuko karibu kabisa, ila jirani aliongea wakati huohuo. Dawa za magonjwa haya mawili zinapingana. Wa mbali unamsaidia kwa kupunguza kasi, kutamka taratibu ili aelewe. Kwa muingiliano, kutamka taratibu ni kuongeza ubaya: ujumbe uleule sasa unakaa hewani muda mrefu zaidi, unakuwa shabaha kubwa zaidi ya kugongwa, ukigongwa tena kifaa kinapunguza kasi tena. Mitandao iliyosongamana huzama kwa namna hiyo, kila kifaa kikijibu kwa tiba ya ugonjwa usio wake. Kipokezi kingeweza kusema "nilikusikia ukianza vizuri, katikati akaingia mtu", kwa sababu dalili hizo kinaziona. Kwenye muundo ule wa awali hakikupewa nafasi ya kusema lolote zaidi ya ndiyo au kukaa kimya.

Naomba kutuma

Mwaka 1990 Phil Karn, mhandisi na mpenzi wa redio za ridhaa, alitoa pendekezo lililogeuza mambo. Mtumaji aache kutegemea masikio yake. Badala yake atume ombi fupi: naomba kutuma. Mpokeaji akiwa yuko tayari ajibu: tuma. Ombi na jibu hilo viliingia katika kanuni za Wi-Fi za mwaka 1997 kwa vifupisho vya RTS na CTS, ingawa huko hakukuachwa kusikiliza; vyote viwili vinatumika pamoja.

Turudi kwa laptopu zetu, tuzitazame kwa mikrosekunde, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwenye bendi ya gigahezi 5. Laptopu ya mbele inatuma ombi lake la baiti 20, na kwa kasi ya chini inayotumika kwa maneno ya namna hiyo linachukua mikrosekunde 52. Kimya cha mikrosekunde 16. Ruta inajibu kwa baiti 14, mikrosekunde 44. Kimya tena, 16. Ndipo mzigo wenyewe unaondoka: pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde inakaa hewani karibu mikrosekunde 248.

Ujanja wote uko ndani ya jibu la ruta. Kati ya zile baiti 14 kuna namba inayosema ni mikrosekunde ngapi zijazo chaneli itakuwa na shughuli. Laptopu ya nyuma haikulisikia ombi, kuta zimelizuia. Jibu inalisikia, kwa kuwa limetoka kwa ruta. Inaichukua namba ile, inajiwekea saa, na inakaa kimya mpaka muda uishe, ingawa kwa sikio lake hakuna anayeongea. Kipokezi ndicho kilichopiga marufuku kelele, na kimepiga marufuku hiyo palepale inapohitajika: kumzunguka yeye.

Sasa jumlisha gharama. Mikrosekunde 128 za kubisha hodi kwa ajili ya mzigo wa 248. Ndiyo sababu vifaa vingi vilikuja na utaratibu huu ukiwa umezimwa, au umewekwa kwa mizigo mikubwa tu. Siku hizi Wi-Fi inafunga pakiti nyingi katika furushi moja refu, kwa hiyo hodi inalipa zaidi kuliko zamani. Hata hivyo kuna tundu lisilozibika kwa urahisi. Jibu la ruta linamfunga yule anayeweza kulielewa. Kuna kifaa kilicho mbali kiasi kwamba jibu linamfikia kama mvumo tu, asielewe neno, na bado mawimbi yake yakafika kwa ruta na kuharibu pakiti iliyokuwa inabanana na mpaka wa kueleweka. Umbali wa kudhuru ni mkubwa kuliko umbali wa kueleweka.

Biti moja, mara 1,500 kwa sekunde

Kama ningeombwa kuchagua mfano mmoja wa kipokezi kilichopewa usukani kwelikweli, ningeenda kwenye mitandao ya simu ya 3G. Humo simu zote za eneo moja zinatuma kwa masafa yaleyale na kwa wakati uleule, zikitofautishwa kwa misimbo. Mfumo huo una adui mmoja. Simu iliyo chini ya mnara inafika kwa kishindo, iliyo kilomita mbili inafika kwa mnong'ono, na misimbo haina nguvu ya kumwokoa mnong'onaji. Bila dawa, mtu mmoja aliyesimama karibu na mnara angewafuta wengine wote.

Simu ingeweza kukisia: nikiusikia mnara kwa nguvu, basi niko karibu, nipunguze. Makisio hayo yanasaidia kuanzia, ila hayatoshi, maana mnara unatuma kwa masafa tofauti na yale unayopokelea, na kuyumba kwa mawimbi kwenye njia ya kwenda si kuyumba kwa njia ya kurudi. Kwa hiyo mnara, ukiwa ndio mpokeaji, unapima kila simu inavyoufikia na kuirudishia amri: panda au shuka. Katika 3G ya aina ya WCDMA amri hizo ni 1,500 kwa sekunde. Katika IS-95, mfumo wa kwanza wa simu uliotumia misimbo ya namna hiyo, zilikuwa 800. Kila amri inapandisha au kushusha nguvu kwa takriban robo. Simu haijui kwa nini inaamriwa, na haina haja ya kujua.

Bluetooth imechukua njia ya upole zaidi. Inaishi kwenye bendi ya gigahezi 2.4 pamoja na Wi-Fi na maikrowevu za jikoni, na desturi yake ni kurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Mwanzoni iliruka kote bila kuchagua. Wi-Fi ikiwashwa jirani, inameza karibu chaneli 20 kati ya hizo, basi takriban robo ya miruko yote iliangukia shimoni. Toleo la 1.2 la mwaka 2003 likaruhusu vifaa kubaini chaneli mbovu na kupeana taarifa: spika za masikioni, ambazo ndizo zinazopokea muziki, zinaweza kuiambia simu ni chaneli zipi kwa upande wao zimeharibika, na simu inatengeneza orodha mpya ya kurukia, isiyopungua chaneli 20. Wi-Fi nayo inapumua, maana haisumbuliwi tena na miruko iliyokuwa inapotea bure. Mimi naona huu ndio ushirikiano bora zaidi wa masafa unaotumiwa na watu wengi bila hata mmoja wao kuujua.

Taarifa ina umri

Usidhani kwamba basi dawa ni kila kipokezi kueleza kila kitu. Taarifa yenyewe inasafiri kwenye masafa hayohayo tunayojaribu kuyaokoa, na inachacha haraka.

Vifaa vya leo vyenye antena kadhaa vinaweza kufanya jambo la kupendeza: kuelekeza mawimbi kwa anayelengwa na wakati huohuo kutengeneza eneo la utulivu pale alipo mtu mwingine, ili asisumbuliwe. Ili kufanya hivyo, mtumaji anahitaji kujua njia ya mawimbi kwenda kwa yule wa pili kwa undani. Ni yule wa pili tu anayeweza kuipima na kumrudishia. Sasa tazama vipimo. Kwenye gigahezi 2.4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 12.5. Mtu akisogeza simu robo ya urefu huo, kama sentimita tatu, picha ya mawimbi inayoizunguka imeshakuwa nyingine. Anayetembea mita moja kwa sekunde anazimaliza sentimita hizo kwa milisekunde 30. Aliye kwenye gari la mita 30 kwa sekunde anazimaliza kwa milisekunde moja. Taarifa iliyochelewa kuliko hapo inaelekeza utulivu mahali ambapo mtu hayupo tena, na kelele mahali alipo.

Ndiyo maana mitandao ya simu ilijizoeza taarifa za mkato. Katika 4G simu inaufupisha uwezo wake wote wa kupokea, pamoja na athari za minara jirani, kuwa namba moja kati ya 0 na 15. Ni muhtasari wa kikatili. Mnara hauambiwi nani anasumbua wala kutoka wapi. Ila unafika ukiwa bado mbichi.

Wasiosema

Mpaka hapa kila kipokezi tulichokitaja kina mdomo. Ruta inajibu, mnara unaamuru, spika za masikioni zinalalamika. Ugumu halisi wa masafa ya pamoja unaanza kwa vipokezi bubu.

Runinga ya antena ni mfano wa wazi. Kwenye masafa ya utangazaji kuna chaneli ambazo eneo fulani hazitumiki, na kwa miaka mingi watu walitamani kuzitumia kwa intaneti. Mwaka 2008 FCC, tume inayosimamia mawasiliano Marekani, ilitoa kanuni: kifaa kiwe na uwezo wa kunusa mawimbi ya runinga hata yakiwa dhaifu mno, na pia kiulize hifadhidata inayoonyesha chaneli zipi zinatumika wapi. Kunusa kukaleta taabu. Kunusa kunakuambia habari za kituo kinachorusha matangazo, na anayelindwa si huyo. Anayelindwa ni runinga iliyo kwenye nyumba fulani, na runinga haitoi sauti yoyote. Kifaa kilicho bondeni kinaweza kukosa mawimbi kabisa, kikatangaza chaneli ni tupu, kumbe nyumba ya juu ya kilima yenye antena darini inatazama taarifa ya habari kwa chaneli hiyohiyo. Mwaka 2010 FCC ikaondoa sharti la kunusa kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo. Hifadhidata ikachukua kazi ya kuvisemea vipokezi: pale palipo na uwezekano wa runinga kupokea, pahesabiwe kuwa na runinga.

Rada ni kinyume chake. Rada inatuma mpigo, kisha palepale inasubiri mwangwi. Kitumaji na kipokezi chake viko sehemu moja, na mara nyingi ni antena ileile. Ukisikia mpigo wa rada kwa nguvu, umejua pia kwamba kelele yako itamfikia kwa nguvu, maana njia ya kuja na ya kwenda ni moja. Hapo kunusa kuna maana. Ndiyo msingi wa kanuni ya Wi-Fi kwenye sehemu za bendi ya gigahezi 5: ruta isikilize sekunde 60 kabla ya kuanza, ikigundua rada iondoke ndani ya sekunde 10 na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ukiwahi kuona Wi-Fi inapotea ghafla kisha kurudi kwenye chaneli nyingine bila maelezo, huenda ruta yako imesikia rada, au imeota kuwa imesikia.

Hata hivyo kanuni ni karatasi. Mwaka 2009 rada za hali ya hewa za viwanja vya ndege, kuanzia San Juan huko Puerto Rico, zilianza kuonyesha mistari ya ajabu kwenye skrini zake, kana kwamba mvua inanyesha kwa mstari ulionyooka. Kati ya waliokutwa wakisababisha ni watumiaji wa vifaa vya gigahezi 5 ambavyo usikilizaji wake ulikuwa umezimwa. Rada nayo, kama runinga, haikuwa na njia ya kumwambia mtu: wewe, hapo, nyamaza.

Kosa la nani

Kuna swali ambalo wahandisi hulikwepa na wanasheria hulipenda. Jirani wa mtu mwenye usingizi mwepesi akicheza muziki wa wastani, nani arekebishe, mwenye muziki au mwenye masikio?

Ronald Coase, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliandika kuhusu ugawaji wa masafa ya redio mwaka 1959, na mwaka uliofuata akapanua hoja iliyomfanya maarufu: madhara ni ya pande mbili. Ukimzuia wa kwanza asimdhuru wa pili, umemdhuru wa kwanza. Kwenye redio jambo hili si nadharia, kwa sababu kipokezi kizembe kinasikia hata kisichomhusu. Kichujio chake ni kipana, kinaacha mlango wazi kwa masafa ya jirani, na jirani akiongeza sauti ndani ya eneo lake halali, kipokezi kinalia.

Tazama vipima-mwinuko vya ndege. Ni redio ndogo zinazorusha mawimbi chini na kupima mwangwi ili rubani ajue yuko futi ngapi kutoka ardhini, na zina umuhimu mkubwa pale anapotua kwenye ukungu. Masafa yake ni kati ya gigahezi 4.2 na 4.4. Kwa miongo mingi majirani zake wa chini walikuwa ni setilaiti, ambazo mawimbi yake yanafika ardhini yakiwa yamechoka kabisa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuweka kichujio kikali. Kisha Marekani ikapiga mnada gigahezi 3.7 hadi 3.98 kwa ajili ya 5G, na mnada huo uliofungwa mwaka 2021 ukaingiza zaidi ya dola bilioni 80. Kati ya mpaka wa juu wa simu na mpaka wa chini wa ndege palibaki megahezi 220, nafasi ambayo kwa vipimo vya kawaida ni uwanja mpana.

Januari 2022, mitambo ilipokaribia kuwashwa, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilionya kwamba baadhi ya vipima-mwinuko vinaweza kudanganyika. Baadhi ya mashirika ya ndege yalifuta safari. Kampuni za simu zikakubali kuzima au kupunguza nguvu karibu na viwanja vya ndege kwa muda, na upande wa pili ndege zikaanza kufungwa vichujio au vipima vipya, kazi iliyoendelea hadi mwaka 2023. Wa simu hawakutoka nje ya masafa yao. Wa ndege hawakubadilisha kitu. Aliyebadilika ni jirani, na kipokezi kilikuwa kimetengenezwa kwa imani kwamba jirani hatabadilika.

Mimi niko upande wa wanaosema kipokezi nacho kiwajibike, ingawa nakiri ni rahisi kusema hivyo kuliko kufungua ndege elfu kadhaa. Watunga sheria wamelisogelea taratibu. Mwaka 2003 FCC ilileta wazo la kuweka dari ya kelele inayopimwa upande wa kipokezi: chini ya dari, yeyote anaweza kutuma. Wazo zuri kwenye karatasi. Lakini nani angepima kwenye kila kipokezi, na angemwambia nani? Mwaka 2007 liliachwa. Direktiva ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu vifaa vya redio ilidai vipokezi navyo viwe na kiwango cha kustahimili kelele, na mwaka 2023 FCC ikatoa tamko la sera likisema anayetengeneza kipokezi atarajie majirani na ajikinge. Tamko si kanuni, na vipokezi vilivyokwisha kuuzwa havitasoma tamko.

Masikio ya kukodi

Jaribio kubwa zaidi la kuvisaidia vipokezi visivyosema liko kwenye bendi ya megahezi 3,550 hadi 3,700 nchini Marekani, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 2015. Mwenye nyumba humo ni rada za meli za kivita. Chini yake wako waliolipia leseni kwa mnada, na chini yao yuko yeyote yule mwenye kifaa kilichosajiliwa. Mitambo ya kompyuta inagawa chaneli kwa wote na kuwahamisha rada inapotokea.

Kuiuliza rada iko wapi haikuwezekana. Jeshi halitangazi meli zake ziko pwani gani. Hifadhidata nayo haikutosha, maana meli inatembea. Basi kando ya pwani vikatandazwa vihisio ambavyo kazi yake ni moja, kusikiliza mpigo wa rada. Kihisio kikisikia, kinaujulisha mtambo wa kugawa chaneli, nao unawaondoa watumiaji wa ukanda huo. Ni masikio ya kukodi: yanasikia kwa niaba ya asiyetaka kujionyesha, na yanakatazwa kuhifadhi habari za mwendo wake.

Kwa sehemu kubwa mpango unafanya kazi. Ila kihisio, ili kiisikie rada iliyo mbali baharini, lazima kiwe na sikio jepesi mno, na sikio jepesi linasumbuliwa na kila kitu. Mnara wa simu uliojengwa karibu nacho unaweza kukiziba kisisikie rada kabisa. Kwa hiyo kila kihisio kikahitaji kulindwa, na kukizunguka yakachorwa maeneo ambamo watumiaji wanalazimika kushusha nguvu au kukaa kimya hata kama hakuna meli. Wenye kazi hiyo wanayaita maeneo ya kunong'ona, na baadhi yake yameangukia miji ya pwani yenye watu wengi, mahali hasa ambapo masafa yalitakiwa zaidi.